Benchi la Ng'ambo

…kwa sababu ningeweza kumrudishia tu, nikanyoosha mkono nikasema haya chukua, nenda kacheze mwanangu, na hakuna ambaye angeniuliza kitu, wala kocha, wala refa, wala hawa watu karibu laki moja waliovaa nyekundu kuanzia kofia mpaka soksi, na helmeti yenyewe ingeacha kunichoma mbavu hapa kwapani nilipoibana kama kuku wa kuibwa, maana imeshika moto, jua la Septemba la huku kusini halina adabu hata kidogo, na yeye kasimama mbele yangu, Kelvonte Rudd, mdakaji wetu wa mipira ya kurushwa, kichwa wazi, jasho linamchuruzika shingoni, ananiambia tena, "Bi Darla, helmeti yangu," kwa upole, amelelewa huyu mtoto, hata akiwaka hasira anatanguliza Bi, na mimi namwambia subiri kidogo, subiri kidogo baba, nasubiri nini sijui, naogopa, hiyo ndiyo kweli yake, naogopa mpaka magoti yananicheza… na hii ndiyo kazi niliyoisomea, hii ndiyo desturi yetu watabibu wa timu za vyuo za mpira wa Kimarekani nchi nzima, mchezaji akigongwa kichwa unamnyang'anya helmeti kwanza ndipo umuulize maswali, kwa kuwa bila helmeti refa hamruhusu kuingia, na ukimwachia, ukigeuka kuchukua maji tu, unamkuta yuko katikati ya uwanja amejipanga na wenzake, kuna watabibu huzifungia kwenye sanduku la barafu, kuna wanaozikalia, mimi hubana kwapani, miaka yote hii nimebana kwapani na haijawahi kuwa nzito hivi. Wojcik anapita na chupa yake ya maji, lile pande la mtu linalomlinda mrushaji wetu, ananitazama, anasema, "Bi Darla, ikikutosha vaa uingie wewe, tumeshapigwa pointi thelathini na nane, hawataona tofauti," na benchi zima linacheka, nami nacheka, naisikia sauti yangu ikicheka, na helmeti naibana zaidi.

Laiti angelala chini. Mchezaji akilala chini hakuna ubishi, unakwenda na begi lako, uwanja unanyamaza, hata mashabiki wa wenyeji wanapiga makofi akiinuka, na akitoka ametoka, hakuna wa kukuuliza, lakini huyu hakulala, aliruka katikati akaudaka ule mpira kwa vidole, beki wao akamjia kwa kasi, na mimi sikuona vizuri, Mungu wangu, sikuona vizuri kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nimegeuka kumfunga Tate kifundo cha mguu, nilisikia tu, ule mlio, kama mlango wa lori ukibamizwa, na nilipogeuka Kelvonte alikuwa ameshasimama, haraka mno, hiyo haraka ndiyo iliyonishtua kwanza, akamrushia refa mpira vizuri kabisa, akageuka, akaanza kutembea kwenda kwenye benchi lao. Lao, si letu. Ng'ambo kule, kwenye nyekundu. Hakupepesuka, hakushika kichwa, alitembea kama mtu anayerudi kwake, mpaka Wojcik akamkamata jezi kwa nyuma akamgeuza, "Kwetu huku, bwana harusi," na alipofika kwangu nikamwuliza ulikuwa unakwenda wapi, akatabasamu, akasema, "Nilikuwa nakwenda kumsalimia Kocha Brannock." Basi. Hapo ndipo akili yangu ilipokwama na bado imekwama, kwa sababu Brannock ni kocha wa wadakaji wao, na kila mtu kwenye basi letu anajua kwamba Brannock anampigia simu Kelvonte tangu majira ya kuchipua, kanuni zinakataza na wote wanafanya, kwamba Januari dirisha la uhamisho likifunguliwa wanamtaka, kwamba wamemtajia fedha, na kabla ya mechi nilimwona kwa macho yangu yule Brannock akipita karibu na wetu wakinyoosha misuli, hakusimama, alimgusa tu bega akapita… sasa mchezaji akigongwa kichwa akaelekea benchi la adui, hiyo iko kwenye kitabu, ukurasa wa kwanza, kila mwanafunzi wa kazi hii anaijua, huyo ubongo umetikisika, mtoe, lakini mchezaji wa chuo kama chetu, mwaka huu, akitembea kuelekea benchi la matajiri, utasemaje kwamba amechanganyikiwa? Huenda ndiye mwenye akili timamu kuliko sisi wote.

Nimempima. Hakuna atakayesema sikumpima. Daktari wetu Oyler hayupo, alipanda gari la wagonjwa robo ya pili pamoja na Pettibone aliyevunjika mguu, na Oyler mwenyewe ni wa kujitolea, wiki nzima anatibu magoti ya wakulima kule kwetu milimani, Jumamosi ndiyo anatupa sisi, kwa hiyo nimebaki mimi, na niliigeuzia kamera mgongo nikamwuliza yote, tuko uwanja gani, akajibu, robo ya ngapi, akajibu, nani kafunga mwisho, akasema "mimi," na kweli ni yeye, magoli yetu yote mawili leo ni yeye, amewaruka mabeki wa ligi kubwa kama anaruka dimbwi la maji, nikampa maneno matano ayashike, daraja, shuka, ndizi, mshumaa, tandiko, akarudisha matatu, nikampa miezi kinyumenyume, Desemba, Novemba, akafika Juni akarudia Julai akacheka, "jua hili Bi Darla," akaendelea mpaka Januari, na alama alizopata ni zilezile za mwezi wa nane nilipompima akiwa mzima, hazijapungua hata moja, maana yake kwa sheria amepita… kwa sheria. Lakini nani asiyejua wanachofanya mwezi wa nane? Wakubwa wanawafundisha wadogo, usijifanye msomi siku ya kipimo, sahau maneno mawili, yumba kidogo ukisimama kwa mguu mmoja, ili siku ukigongwa kweli kipimo kisikukamate, nawaona wanavyokonyezana mle chumbani, vijana wanaohesabu mwendo wa mpira hewani kwa jicho hawawezi kushika neno shuka kwa dakika tano, nawatania, naandika, naendelea, na kila mtabibu nchini anaandika hivyo hivyo anaendelea, kwa hiyo kipimo changu ni mizani ambayo muuzaji ameshaweka kidole chake, na mimi nimesimama hapa naisoma kana kwamba ina maana.

"Amepita?" Kocha Mabry aliniuliza hivyo, vipokea sauti vyake vya masikioni vimening'inia shingoni, uso umemwiva, nikasema amepita, akasema basi tatizo nini, nikasema aliinuka akaelekea benchi lao, na Mabry, wala hakunikaripia, afadhali angenikaripia, alicheka, akainama karibu na sikio langu kwa sababu bendi yao ilikuwa inapiga, akasema, "Darla, nani hapa haelekei benchi lao?" akaondoka. Na ni kweli, maskini, mkewe ameshaanza kuulizia nyumba, wanasema chuo kimoja cha ligi kubwa kinamtaka awe msaidizi wa msaidizi, msaidizi wa msaidizi! na atalipwa mara mbili ya anacholipwa kwetu kama kocha mkuu, yeye mwenyewe anaelekea huko, na mrushaji wetu wa mwaka jana ameelekea huko, yuko kule ng'ambo amekaa benchi na kofia yao nyekundu, hachezi hata, wamemnunua wakamweka akiba kama gurudumu la nyuma ya gari, na vile vyuo viwili vikongwe vya ligi yetu vilivyotuacha mwaka juzi vikahamia kwa wakubwa bila hata kutuaga, ndugu zetu wa miaka sabini… nilipoanza kazi pengo lilikuwepo, sikatai, wao walikuwa kaka mkubwa mwenye gari, sisi mdogo mwenye baiskeli, lakini tulikuwa barabara moja, kuna mwaka tuliwafunga hapa hapa tukarudi tunaimba mpaka dereva akapotea njia, halafu ikaja ile mikataba ya televisheni, wao wakasaini, sisi tukasaini, chuo kimoja cha kwao kikawa kinapata kwa mwaka kuliko ligi yetu nzima, halafu ikaruhusiwa kuwalipa wachezaji hadharani, wao wanalipa, sisi tunauza kuki na kuosha magari kanisani, aliyenacho huongezewa, na kila Januari tunakuwa shamba la miche, tunapanda, tunamwagilia, mche ukisimama wanakuja wanang'oa na mizizi yake. Ng'ambo kule wana hema la tiba na mashine ndani yake, wana madaktari wa mifupa, wa macho, wa ubongo, wana mtu ambaye kazi yake ni kutazama wachezaji wanavyolala, nami wangu nawalowesha kwenye hori la kunyweshea ng'ombe nililonunua duka la wakulima, barafu naomba hotelini… na leo hatukuja kushindana, tusidanganyane, tumelipwa tuje tupigwe, hundi moja, na mkuu wa chuo alipanda kwenye basi asubuhi akatuambia hundi hii ndiyo itakayowabakiza wasichana wa kuogelea na timu ya tenisi, wala hakusema lakini nilijua, na mshahara wangu umo humo, nimeletwa hapa na hundi ileile, naila, nailipia nyumba. Masikini na mwanawe, tajiri na mali yake, ndivyo wasemavyo watu, lakini tajiri wa siku hizi anataka na mwana pia.

"Bi Darla, nakuomba." Anasema tena, na sasa mpira umerudi kwetu, wetu wanajiandaa kuingia, Mabry anapunga mkono, anamwita, kumi na moja wanatakiwa na pale kuna kumi na nafasi, mdakaji wa akiba amesimama pembeni anatetemeka kama ndiye aliyegongwa, na mimi natazama macho ya Kelvonte, mboni zote mbili ziko sawa, sawa kabisa, nazitazama kama mtu anayechungulia kisima, huoni kitu ila uso wako… Roy naye alikuwa anapita. Mume wangu, Roy, alicheza ligi hii hii kabla sijamjua, mlinzi, shingo kama nguzo, kila alipogongwa walimwonyesha vidole vitatu akasema vitatu, wakampiga mgongoni, na mpaka leo anapita, hiyo ndiyo inayonitisha, akija daktari nyumbani Roy anamjibu kila swali, anamtaja rais, anataja mwaka, miezi kinyumenyume anaisoma vizuri kunishinda, Desemba Novemba Oktoba bila kukwama, halafu daktari akiondoka ananiuliza choo kiko wapi, katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake, ananiuliza kwa adabu kabisa, samahani mama, choo kiko wapi, na namwonyesha, na anaporudi anasema asante kana kwamba mimi ni mgeni… sasa hivi yuko mbele ya televisheni, jirani anakaa naye siku za mechi, na kama kamera ikinipita hapa atasema yule mama namjua. Nampenda, ndiyo, na namwogopa, sijawahi kumwambia mtu, naogopa kurudi nyumbani jioni, na nikimtazama huyu kijana naona shingo, naona bega, naona mtu wa miaka hamsini anamwuliza msichana fulani ambaye bado hajakutana naye choo kiko wapi. Lakini je, kama nawazia ya Roy? Kama namwadhibu huyu kwa ugonjwa wa mwingine? Mwaka jana nilimtoa Lamar Quisenberry kwa hofu hizi hizi, nikakalia helmeti yake robo nzima, tukashindwa kwa goli moja, wakampeleka hospitali wakampiga picha za kichwa wakakuta safi, safi kama yai, na wiki iliyofuata wakaniita ofisini, hawakunikaripia, waliniambia tu bajeti imekaza, wakamwondoa msaidizi wangu, na Mabry tangu siku hiyo ananiita nyanya wa timu, bibi kizee wao, nikipita anasema mfungieni mtoto sweta nyanya anakuja, na safari hii nikikosea wataniondoa mimi, na nikiondoka nani atabaki na Roy kwa bima ipi.

Na mama yake yuko huko juu. Verlene. Wageni wamepewa kona ile ya mwisho ambako hata jua haliondoki, viti walivyovikataa wenyeji, na yeye amesafiri tangu jana kutoka Mississippi, anafanya kazi kiwanda cha kambale, miaka yote anapasua kambale, vidole vimemjaa makovu, nilimwona siku ya kwanza alipomleta mtoto, hakuuliza habari za chumba wala chakula kama akina mama wengine, aliuliza wewe ndiye wa tiba? nikasema ndiye, akanishika mkono kwa vile vidole, akasema, "Wengine wote hapa watakuwa wanaangalia mpira. Wewe niangalizie mtoto." Nikasema sawa. Maneno mepesi, sawa, nayasema kila mwaka kwa kila mama… lakini huyo huyo Verlene wiki iliyopita alinipigia, sauti yake ina furaha ambayo sikuizoea, akaniambia Bi Darla wamemtajia kiasi, hakukitaja hata kwangu, kana kwamba akikitaja kitaruka dirishani, akasema kwa fedha hiyo naacha kambale, Bi Darla, naacha kambale, akaanza kulia, akasema kitu kimoja tu, wanataka kumwona siku mkija huku, wamwone akicheza na watu wa saizi yake, mechi nzima. Mechi nzima, alisema. Wanataka kuona kama anachoka, kama anavunjika, kama moyo wake unastahimili, mnunuzi lazima amzungushe ng'ombe zizini kabla hajafungua pochi, na leo ndiyo zizi lenyewe, na Brannock yuko ng'ambo kule amekunja mikono, hatazami mpira hata, anatutazama sisi, mimi na Kelvonte na helmeti. Ningeweza kuvuka niwaombe daktari wao wa ubongo, wangenipa, watu wastaarabu, kabla ya mechi mmoja wao alikuja akaniambia dada ukipungukiwa chochote sema, lakini nitampelekaje? nimpeleke bidhaa kwa mnunuzi nimwambie angalieni kama ina ufa? wakisema ufa upo, Januari simu haitalia, na Verlene atarudi kwa kambale, na wakisema haupo nitawaamini vipi, wao wanaopenda acheze kwao na si kwetu… hakuna mtu mmoja hapa asiyetaka kitu kutoka kichwa cha huyu mtoto. Hata mimi. Mimi nataka kiwe kizima ili nilale.

Simu inatikisika mfukoni, ni Verlene, najua bila kuitazama, naiacha, kwa kuwa akisema mtoe itakuwaje na akisema mwache itakuwaje, yote mawili yananitisha, naiacha itikisike mpaka inyamaze. Refa anatutazama. Mabry anapiga kelele sasa, si utani tena, "Darla! Ni kumi hawa!" na kamera ile ya kamba inayotembea angani imeshuka, inatukaribia kama nzi mkubwa, na natuona wenyewe kwenye skrini kubwa ya uwanja, kijana mrefu na mwanamke mfupi mwenye kofia ya bluu iliyopauka, watu laki moja wananitazama nilivyonenepa, wanaanza kuzomea, hawajui wanazomea nini, wanataka mpira uendelee, na mimi mkono umeanza kulegea, nausikia, umeanza wenyewe kulegea, najisemea amepita, Darla, kipimo kimesema amepita, ana miaka ishirini, ana mama, ni robo moja tu imebaki, vijana wangapi wamegongwa vibaya zaidi ya hivi wakaishi wakazaa wakawa mashemasi, wewe ni nani uzibe riziki ya watu, na helmeti inateleza kutoka kwapani kwa jasho, naishika kwa mikono miwili mbele ya tumbo, sasa iko kati yetu, na yeye anaikamata. Anaikamata kwa nguvu, vidole vyote vinne ndani ya vyuma vya usoni, anainua sauti kwa mara ya kwanza tangu nimjue, anapaza mpaka ng'ambo wasikie, "Nipe helmeti yangu! Nimesema niko sawa! Nipe nicheze!" na mishipa ya shingo imemsimama, na Mabry anasema "Mpe!" na Wojcik hacheki, na mimi najikaza nikingoja mvuto, najua nguvu za mkono huo, mkono huo unaung'oa mpira kutoka kwa mabeki wawili, mimi mwanamke wa miaka hamsini na saba mwenye mgongo mbovu, akivuta mara moja tu imekwenda, nimeshakubali, nimeshapanua miguu nisianguke… na mvuto hauji.

Hauji. Nangoja, haujafika, mdomo wake unapiga kelele, uso wake umejikunja kwa hasira kama inavyotakiwa kwenye skrini, lakini mkono uko pale umeshika vyuma na hauvuti hata kidogo, uzito wote wa helmeti ninao mimi, na ninapoisogeza kwangu inchi moja, kwa kujaribu tu, inakuja, inakuja kirahisi na mkono wake unaifuata, kama mtoto anayeshika upindo wa gauni la mama yake sokoni asipotee… ee Mungu. Mzima angevuta. Wazima wote wamevuta, Quisenberry alinivunja ukucha, Tate aliniburura mpaka kwenye mstari, hakuna kijana mzima katika kazi yangu ambaye hakuvuta, na mimi nimehangaika na miezi na ndizi na mshumaa… Namtazama tena, safari hii siangalii mboni, namtazama yeye, na kumbe anaogopa, anaogopa kunishinda mimi, tangu dakika ile alipoinuka na kukuta dunia imegeuka upande anaogopa, alikuwa hajui benchi ni lipi, na lile la Brannock alilibuni papo hapo kwa sababu ni mwerevu, na tangu hapo amesimama mbele yangu akiomba kwa adabu kitu asichokitaka, kwa kuwa hawezi kusema, atasemaje, mama yake yuko kona ile, mnunuzi yuko ng'ambo, wenzake wako nyuma, kocha yuko pembeni, kijana akisema mwenyewe sichezi mbele ya kundi hili bei yake imekwisha leo leo, lakini kijana aliyenyimwa, kijana aliyepiga kelele akazuiwa na nyanya mmoja mkaidi wa chuo maskini, huyo bei yake ipo, huyo ana moyo, watasema mmemwona alivyotaka kurudi? Anahitaji mtu wa kulaumiwa. Watu wote hawa wenye madaktari na mashine na hema na hundi, na katika uwanja mzima mtu pekee anayeweza kuwa mbaya kwa ajili yake ni mimi, na kwa hilo sihitaji bajeti. Na bado naogopa, si kwamba hofu imeondoka, naogopa ofisi ya Jumatatu, naogopa sauti ya Verlene, naogopa nyumba yangu na mtu wangu ndani yake, lakini hofu imehama mahali, imetoka magotini, imesogea pembeni imenipisha. "Darla, mpe sasa hivi!" anasema Mabry, na Kelvonte anapaza tena, nipe, sauti inamkatika katikati ya neno, hakuna aliyesikia ikikatika ila mimi, na machozi yamemjaa, watadhani ni ya hasira, waache wadhani, na mimi navuta pumzi, natafuta ile sauti kali niliyonayo, ile ya kuwatoa mabafuni, naipaza ili wasikie mpaka Brannock, mpaka kona ya kambale, mpaka yule jirani anayekaa na Roy, "Hutaipata, Kelvonte! Hata ulie! Mimi ndiye ninayekutoa, si wewe, umenisikia? Mimi!" na mazomeo yanaporomoka juu yetu kutoka kila upande, mazito, na anaendelea kunikaripia kama ninavyotaka anikaripie, na chini kule, kati ya tumbo langu na lake, mahali ambapo kamera haifiki, vidole vyake bado vimeshika vile vyuma, havivuti, na vinatetemeka.